Malaria, Lupasi na Wagonjwa Wasiohesabiwa

Brian Greenwood alifika Ibadan, Nigeria, mwaka 1965, daktari kijana kutoka Uingereza, akapangiwa kazi katika hospitali ya chuo kikuu. Wagonjwa walikuwa wengi na magonjwa ya kila namna, lakini kilichomkaa akilini ni wale ambao hakuwaona. Huko alikosomea, wodi ya kawaida haikukosa mama mwenye vidole vilivyopinda kwa rumatoidi, ile baridi yabisi kali inayokula maungio, na msichana mwenye lupasi hakuwa kitu cha ajabu. Ibadan walikuwa karibu hawapo. Akaenda kwenye madaftari. Kati ya 1957 na 1966 hospitali ilikuwa imelaza watu zaidi ya 98,000. Waliokuwa na magonjwa ya jamii hiyo, yote yakijumlishwa, walizidi mia moja kwa wachache tu. Wa lupasi walikuwa wawili. Mwaka 1968 alichapisha hesabu hiyo katika jarida la Lancet, akaiambatanisha na dhana ambayo mabishano yake hayajaisha mpaka leo: kwamba vimelea vinavyomwandama mtoto wa Kiafrika tangu utotoni, malaria ikiwa mbele ya vyote, vinaibadilisha kinga yake kiasi kwamba haimgeuki mwenyewe ukubwani.

Magonjwa haya yana asili moja. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kuwinda vijidudu, inatengeneza kingamwili dhidi ya mwili wenyewe. Rumatoidi hulenga zaidi utando wa ndani ya maungio, hasa ya vidole na viganja, na mgonjwa asiyetibiwa huishia na mikono isiyoweza kufunga kifungo cha shati. Lupasi haina mipaka: mwezi huu maungio, mwezi ujao upele wa mashavuni, mwakani figo, na mara nyingi figo ndizo zinazoondoka na uhai. Katika kila wagonjwa kumi wa lupasi, tisa hivi ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa.

Maoni yangu ni kwamba Greenwood aliuliza swali zuri kuliko jibu alilolipata, na kwamba jibu lilipinda kwa sababu magonjwa yasiyoenda pamoja yaliwekwa kapu moja. Tangu hapo rumatoidi imetoa ushahidi wake, lupasi imetoa wake, na ushahidi huo hausemi jambo moja.

Tumpe haki yake kwanza, kwani wengi wangeishia kwenye ile makala ya Lancet. Yeye alirudi Uingereza kusomea elimu ya kinga na akaiingiza dhana yake maabara. Walikuwapo panya wa ukoo uitwao NZB, waliozalishwa Nyuzilandi, ambao wakikomaa hupungukiwa damu kwa sababu kinga yao inaharibu chembe nyekundu zao wenyewe. Wakipandishwa na ukoo wa NZW, majike wanaozaliwa hupata ugonjwa wa figo unaofanana sana na ule wa lupasi, na hufa mapema. Greenwood na wenzake E. M. Herrick na Alister Voller waliwaambukiza panya hawa malaria ya panya wakiwa bado wadogo. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1970: kwa walioambukizwa ugonjwa ulififia, na waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Mwaka huohuo kundi hilo likaonyesha kwamba malaria inatuliza pia uvimbe wa maungio uliochochewa kwa sindano katika aina nyingine ya panya. Jambo lililoonwa kwenye wodi moja ya Afrika Magharibi, kwa kutazama tu ni kitanda gani hakina mtu, lilikuwa limeungwa mkono na jaribio ambalo yeyote angeweza kulirudia.

Baadaye Greenwood alielekeza nguvu kwingine. Alikwenda Zaria, kisha Gambia, ambako alikaa miaka 15 akiongoza utafiti uliosaidia kuonyesha kwamba vyandarua vyenye dawa vinaokoa watoto. Mwaka 2008 alikuwa mmoja wa wawili wa kwanza kupewa Tuzo ya Hideyo Noguchi ya Japani kwa ajili ya Afrika. Wa pili alikuwa Miriam Were wa Kenya, mtetezi wa afya ya jamii. Mtu aliyesema malaria huenda inamkinga Mwafrika na magonjwa fulani akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuifukuza malaria hiyohiyo. Sioni mgongano hapo. Malaria inaua watoto kwa maelfu, na hakuna mwenye akili timamu angeifuga ili apunguze lupasi. Lakini swali lake lilibaki bila mwenyewe, na kwa miaka mingi hesabu ya Ibadan ilirudiwarudiwa vitabuni kana kwamba imekwisha kuthibitishwa: magonjwa haya, wanafunzi wa udaktari walifundishwa, ni adimu kwa Waafrika waliopo Afrika.

Sasa tuyatazame madaftari yenyewe. Daftari la hospitali haliandiki magonjwa yaliyopo katika nchi. Linaandika magonjwa ambayo daktari fulani, siku fulani, kwa vipimo alivyokuwa navyo, aliyatambua kwa mtu aliyeweza kufika. Kipimo cha lupasi cha miaka ile kilikuwa ni kutafuta seli za LE, zilizogunduliwa Mayo Clinic huko Marekani mwaka 1948, kazi ya kutumia hadubini, muda na jicho lililozoea. Upele wa mashavuni ambao vitabu viliueleza kuwa mwekundu ulichorwa na kupigwa picha kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kama weusi uliozidi, au hauonekani kabisa. Na msichana mwenye homa, upungufu wa damu, maumivu ya viungo na uso uliovimba, katika mji wa malaria, alikuwa na majibu mengi ya haraka kabla mtu hajafikiria lupasi.

Ushahidi unaonishawishi kuliko mwingine unatoka nchi ileile. Femi Adelowo, mtaalamu wa baridi yabisi, alifungua kliniki Lagos, mwendo wa saa chache kutoka Ibadan. Mwaka 2009 yeye na mwenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa wao: katika miaka sita walikuwa wamewaona watu 1,250 hivi wenye matatizo ya maungio, na 66 kati yao walikuwa na lupasi. Huwezi kulinganisha kliniki ya mtaalamu na wodi ya jumla moja kwa moja, kwa kuwa kwa mtaalamu watu huja wakiwa tayari wamechujwa. Hata ukiondoa hilo, wawili kwa miaka 10 na 66 kwa miaka sita ni tofauti inayotaka maelezo, na maelezo mepesi ni kwamba aliyejua anachokitafuta alikuwa amefika. Afrika Mashariki nayo haikukosa waliojaribu kutazama. Mwaka 1980 Bwogi Richard Kanyerezi na wenzake wa Kampala waliandika katika East African Medical Journal kuhusu Waganda wenye lupasi, na katika miaka ya 2010 madaktari wa Nairobi walichapisha sura ya wagonjwa wao: wanawake kwa wingi, vijana, wenye maungio na ngozi vilivyoathirika.

Njia nyingine ya kuipima dhana ni kuwafuata watu wanaohama. Mwaka 2001 Mariam Molokhia na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kusini mwa London. Walikuta kwamba katika kila wanawake 100,000 wenye asili ya Ulaya, 35 hivi walikuwa na lupasi. Kwa wenye asili ya Karibiani walikuwa 177. Na kwa wahamiaji kutoka Afrika Magharibi walikuwa 110. Namba ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kama kuumwa malaria utotoni kungekuwa kinga ya kudumu, wahamiaji hawa walipaswa kukaribiana na hesabu ya Ibadan, au angalau kuwa chini ya majirani zao Wazungu. Wako juu yao mara tatu. Unaweza kujitetea ukisema kinga ile hudumu tu maadamu mtu anaendelea kuumwa na mbu, na utetezi huo haujavunjwa; ila unageuza dhana kuwa kitu kidogo kuliko kile kilichofundishwa vitabuni.

Marekani wapo pia Wagullah, watu weusi wa visiwa na pwani ya South Carolina, ambao wamechanganya damu kidogo na Wazungu na ambao wengi wa mababu zao wanahusishwa na Sierra Leone na nchi jirani. Kwao lupasi ni tatizo kubwa linalojulikana hata ndani ya ukoo mmoja. Watafiti wa Charleston walipolinganisha damu yao na ya wanawake wa Sierra Leone, walikuta kwamba kingamwili za kujishambulia hazikosekani kwa hao wa Sierra Leone pia. Kwa hiyo mwelekeo wa mwili upo pande zote mbili za Atlantiki. Kilichobaki ni kujua kama upande wa Afrika kuna kitu kinachouzuia usifike kuwa ugonjwa, au unafika na mgonjwa anafariki chini ya jina jingine.

Kwa lupasi, basi, naegemea kwamba sehemu kubwa ya uadimu wake ilikuwa ni kutoonekana. Rumatoidi ni habari nyingine, na hapa wanaodhani kila kitu ni suala la upungufu wa madaktari wanateleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Alan Silman wa Manchester na wenzake walikwenda vijijini Nigeria, wakawachunguza watu wazima wapatao 2,000 bila kusubiri waje hospitali. Hawakumpata hata mmoja mwenye rumatoidi. Uingereza, kundi kama hilo lingetoa wagonjwa zaidi ya kumi. Sehemu ya sababu ni jeni: zile aina za jeni za kinga ziitwazo HLA zinazobeba hatari ya rumatoidi ni chache sana Afrika Magharibi.

Lakini jeni peke yake halitoshi, na Afrika Kusini inaonyesha kwa nini. Katika miaka ya 1970 uchunguzi wa nyumba kwa nyumba ulifanyika kwa Watswana wa Phokeng, kijijini, na kwa watu weusi wa Soweto, mjini. Kijijini rumatoidi ilikuwa adimu, karibu mtu mmoja katika elfu moja. Soweto ilikaribia mmoja katika mia, sawa na Ulaya. Jeni haziwezi kubadilika kwa safari ya saa mbili za basi. Na tazama jambo ambalo watetezi wa malaria hulipita haraka: Phokeng, karibu na Rustenburg, iko kwenye nyanda za juu nje ya ukanda wa malaria. Kitu fulani cha kijijini kiliwakinga watu wale, au kitu fulani cha mjini kiliwaponza wa Soweto, na mbu hahusiki. Sigara, moshi wa viwandani, chakula, minyoo iliyopungua, maji yaliyosafishwa: orodha ya washukiwa ni ndefu na kila mmoja ana wakili wake.

Kwa nini basi tusifanye uchunguzi wa namna hiyo kwa lupasi tukaumaliza ubishi? Kwa sababu ya hesabu. Hata tukichukua kiwango cha wahamiaji wa Afrika Magharibi wa London, cha wanawake 110 kwa 100,000, ukiwachunguza wanawake 1,000 kijijini unatarajia kumpata mmoja. Ukikosa, hujathibitisha chochote. Tena uchunguzi wa aina hii huwakuta walio hai siku ile. Rumatoidi hulemaza mtu akaishi nayo miaka 30, kwa hiyo hukusanyika kijijini na kuonekana. Lupasi iliyofika kwenye figo, pasipo matibabu, haimngoji mtafiti. Ugonjwa unaoua haraka utaonekana adimu kila mara unapohesabu walio hai, hata kama unawapata wengi.

Kuna ugonjwa wa tatu ambao, nashangaa, hutajwa mara chache katika mjadala huu ingawa ndio ulioenea kwetu kuliko yote mawili. Ni ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi. Mtoto anaugua koo kwa bakteria wa streptokoka. Kinga yake inatengeneza silaha dhidi ya bakteria. Silaha hizo zinazifananisha valvu za moyo na adui na kuzishambulia. Huu ni ugonjwa wa kinga kujishambulia kwa tafsiri yoyote utakayoichagua, umejaa Uganda, Tanzania na Kenya, na unachochewa na maambukizi ya utotoni, yaleyale yanayosemekana kutuepusha na magonjwa ya kinga. Mtu akisema tena kwamba maisha ya vijidudu vingi humkinga Mwafrika, aulizwe kuhusu wasichana wanaosubiri upasuaji wa valvu.

Ugonjwa huo una somo lingine kuhusu kuona. Mwaka 2007 Eloi Marijon na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto wa shule wa Kambodia na Msumbiji. Msumbiji, walipotumia kifaa cha kusikilizia moyo peke yake, walipata watoto kama wawili katika kila elfu. Walipopitisha mashine ya mawimbi ya sauti juu ya vifua vilevile, wakawa 30. Mtoto aliyekuwa mzima asubuhi alikuwa mgonjwa mchana, na kilichobadilika ni chombo mezani. Uganda walikwenda hatua ya mbele zaidi. Katika jaribio lililofanyika Gulu na kuchapishwa na Andrea Beaton na wenzake wa Kampala na Marekani, watoto zaidi ya 800 waliogundulika mapema waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa sindano ya penisilini kila mwezi. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa 8.2% ya wasiopewa na 0.8% ya waliopewa. Kuhesabu vizuri kulizaa tiba ya bei nafuu. Ndiyo sababu siuchukulii ubishi wa Ibadan kuwa ni wa wanahistoria.

Turudi kwenye malaria, maana dhana ya Greenwood ilikuja kupata msaada kutoka mahali ambapo hakupategemea: Kilifi. Kundi la Kenneth Smith wa Cambridge lilikuwa likichunguza jeni liitwalo FCGR2B, ambalo kazi yake kwenye seli za kinga ni ile ya breki kwenye gari. Lipo toleo la jeni hilo ambalo breki zake hazishiki, na watu waliorithi toleo hilo kwa wazazi wote wawili wana hatari kubwa zaidi ya kupata lupasi. Ajabu ni kwamba toleo hilo bovu ni adimu kwa Wazungu, lakini limeenea zaidi kwa watu wa Asia na Afrika. Kitu kibaya hakienei hivihivi, lazima kina faida mahali. Wakishirikiana na Tom Williams wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome, walipima damu ya watoto wa Kilifi, waliolazwa kwa malaria kali na wasiougua, na mwaka 2010 wakaripoti kwamba waliorithi toleo hilo kutoka pande zote mbili walikuwa na hatari ya malaria kali iliyopungua kwa karibu nusu. Kinga isiyoshika breki humaliza vimelea upesi. Ikikosa vimelea vya kupambana navyo, ina wakati wa kutosha wa kuugeukia mwili.

Hapo uhusiano unakuwa tofauti na ule wa 1968. Greenwood alisema malaria inamtuliza mtu aliye hai leo. Kilifi inasema malaria ilichagua, kizazi baada ya kizazi, nani aishi na kuzaa, na waliochaguliwa ni wale ambao kinga yao ni kali kupita kiasi. Maelezo haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Ila la pili lina matokeo mazito kwetu: watu wa pwani na wa ziwani wangekuwa na mwelekeo mkubwa wa lupasi, sio mdogo, na malaria ikiondoka mwelekeo huo ungebaki bila kizuizi. Jeni moja halibebi hadithi nzima, na ugonjwa wenye mamia ya jeni hauelezwi kwa toleo moja. Lakini hali imekwisha kubadilika: watoto waliolazwa kwa malaria katika hospitali ya Kilifi walipungua mno kati ya 1999 na 2007, na wasichana waliozaliwa miaka ile sasa ndio wanaingia katika umri ambao lupasi huanza.

Msomaji aliyesoma baiolojia ya sekondari atakuwa amekumbuka selimundu. Ni kisa kilekile, na aliyekianzisha, Anthony Allison, alikulia Gilgil. Mwaka 1949 alizunguka Kenya na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford akikusanya damu, akaona kwamba watu wa pwani na wa Ziwa Viktoria wana alama ya selimundu kwa wingi, na wa nyanda za juu karibu hawana. Mwaka 1954 akaonyesha kwamba alama hiyo humkinga mtu na malaria. Kinachosahaulika ni alichokifanya baadaye. Baada ya kuongoza maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo Nairobi, alihamia California, ambako yeye na mkewe Elsie Eugui walikuwa wakitafuta dawa itakayozuia seli za kinga zisizaliane bila kuziumiza seli nyingine. Waliipata kwenye asidi ya mikofenoli, iliyotolewa kwenye ukungu na Mwitaliano Bartolomeo Gosio mwaka 1893 kisha ikasahaulika. Ilipasishwa Marekani mwaka 1995 kwa waliopandikizwa figo, na kuanzia mwaka 2000 majaribio yakaonyesha kwamba inaokoa figo za wenye lupasi. Mtu mmoja, basi, alieleza kwa nini malaria huacha alama kwenye damu zetu, na mtu huyohuyo akatengeneza dawa ya ugonjwa ambao huenda ni alama nyingine ya malaria hiyo.

Dawa zenyewe zina kejeli yake. Msingi wa matibabu ya lupasi duniani kote ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini. Mwaka 1894 daktari wa London aliripoti kwamba kwinini inasaidia lupasi ya ngozi, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili askari waliomeza mepakrini kuzuia malaria walisema vipele na maungio yao vimepata nafuu. Sisi tuliokua kabla ya Kenya kuiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, na Tanzania mwaka 2001, tunaikumbuka kwa uchungu wake na kwa muwasho wa usiku kucha. Nina shuku, nayo ni shuku tu, kwamba klorokwini ile iliyomezwa kwa kila homa ilificha lupasi nyingi za kiwango cha chini miaka ya 1960 na kuendelea. Ilipoondolewa kwenye rafu, hakuna aliyeandaa nafasi ya mgonjwa wa lupasi, na mwaka 2020, dunia ilipoikimbilia haidroksiklorokwini kwa ajili ya korona, wagonjwa hao walijikuta wakigombea dawa yao wenyewe.

Dawa mpya zina masharti makali zaidi. Ravinder Maini na Marc Feldmann walipowapa wagonjwa 20 wa rumatoidi dawa ya kuzuia TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe, katika hospitali ya Charing Cross, London, kuanzia mwaka 1992, walibadilisha matibabu ya ugonjwa huo. Mwaka 2001 ikaripotiwa kwamba dawa hizo huamsha kifua kikuu kilicholala. Katika nchi ambayo watu wengi wamekibeba bila kujua, daktari ana sababu ya kuogopa hata pale fedha zinapopatikana. Methotreksati, ya zamani na rahisi, bado ndiyo tegemeo.

Tatizo la kliniki zetu lina pande mbili, na lile la kutoona ni moja tu. La pili ni kuona pasipokuwa na kitu. Kipimo cha damu cha RF, kinachotafuta kingamwili ya rumatoidi na kuagizwa kwa kila anayelalamika viungo, huweza kuwa chanya kwa mtu mwenye malaria, kifua kikuu au homa ya ini, na hata kwa mzima. Mgonjwa hutoka na karatasi inayosema ana baridi yabisi na mfuko wa prednisoloni ambayo itampa sukari na mifupa dhaifu. Tena yapo mengine yanayojifanya rumatoidi: brusela kwa wafugaji, na chikungunya, ambayo virusi vyake vilitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950 na ambayo mwaka 2004 iliwapata karibu robo tatu ya watu wa Lamu, baadhi wakibaki na maumivu ya viungo kwa miezi mingi. Mikono ya daktari inayojua kukagua maungio inazidi kipimo chochote hapo. Profesa Omondi Oyoo na wenzake Nairobi walilielewa hilo, wakaendesha mradi wa UWEZO wa kuwafundisha wahudumu wa afya wa Kenya ukaguzi huo. Na wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Moshi na Glasgow walipita nyumba kwa nyumba kuhesabu magonjwa ya maungio na gharama yake kwa familia.

Kwa lupasi njia hiyo haitoshi, kwa sababu nilizozitaja. Lakini kuna mahali ambapo karibu kila mwanamke wa umri husika hupita, hukaa, na hutoa mkojo: kliniki ya wajawazito. Kijiti cha kupimia protini kinachowekwa humo ili kuwahi kifafa cha mimba kinaweza kufanya kazi mbili. Kifafa cha mimba na shinikizo la damu linalokitangulia kwa kawaida havianzi kabla ya wiki ya 20. Protini ikionekana mapema kuliko hapo, huenda figo zilikuwa na shida kabla ya mimba, na miongoni mwa sababu za kuulizia ni lupasi, hasa kwa mama aliyewahi kuharibikiwa na mimba au anayesema asubuhi vidole havifungi. Mashine mpya haihitajiki. Kinachohitajika ni safu moja zaidi kwenye daftari la kliniki, ya wiki ambayo protini ilionekana, na mahali pa kumpeleka mama huyo akishajifungua, maana sasa hivi daftari lake hufungwa mtoto anapozaliwa.